'Hoja' haifai katika usimbaji, chagizo tunalo

Katika makala ya leo, ninadhamiria kuhakiki neno moja tu: hoja. Mtafsiri anayetegemea kamusi ya Kiingereza na Kiswahili hulikimbilia neno hili anapokutana na 'argument' katika usimbaji. Je, linafaa?

Kwa Mswahili, hoja hutolewa, hupingwa, huungwa mkono. Ndiyo maana Bunge lina hoja. Katika programu, hakuna anayebishana. Kinachorejelewa ni taarifa ambazo funksheni hupewa ili itende kazi yake.

Hebu tuchukue mfano wa muuza mahindi katika soko la Malakisi. Programu yake ina funksheni iitwayo uza. Akiandika uza(40, 100), ameuza gorogoro 40 kwa shilingi 100 kila moja, au gorogoro 100 kwa shilingi 40? Jumla ni 4,000 kwa vyovyote vile, kwa hivyo kosa halionekani kwenye pesa. Litaonekana ghalani. Akiandika uza(gorogoro=40, bei=100), utata unakwisha, hata akitanguliza bei.

Kiswahili kinaijua tofauti hii. 'Juma alimpiga Wafula' hutegemea nafasi; ukibadilisha majina, aliyepigwa anakuwa mpigaji. Lakini 'mtoto alikivunja kikombe' na 'kikombe alikivunja mtoto' hazitatanishi, kwa sababu a- na -ki- zimekwisha kutaja nani ni nani.

Aidha, mwanafunzi wa sekondari hapa Kenya hufunzwa shamirisho kipozi, kitondo na ala. Hizo ni nini kama si taarifa zilizopewa majina kulingana na dhima yake? Hufunzwa pia chagizo, ambalo halina idadi maalumu: 'Nekesa aliuza mahindi jana, sokoni, kwa bei nzuri, kwa haraka.' Ongeza au punguza, sentensi itasimama tu.

Lugha ya Python ina utaratibu unaofanana na huo. Ukiweka nyota mbili mbele ya jina la kipokezi cha mwisho, funksheni itapokea taarifa zozote za ziada zilizotajwa kwa majina, ziwe mbili au ishirini, na kuzihifadhi katika muundo uitwao kamusi: jina upande huu, thamani upande ule.

Hata hivyo, tusiusifu mno uhuru huo. Muuzaji akikusudia kuandika 'punguzo' kisha akaandika 'pungzo', gunia hilo lililo wazi hulimeza neno bila kulalamika. Mteja atalipa bei kamili, na hakuna atakayejua sababu. Msikilizaji wa Kiswahili angekisia kilichokusudiwa, ila tarakilishi haikisii. Kwa hivyo, taarifa zinazojulikana zitajwe waziwazi, na gunia liachiwe zile tusizoweza kuzitabiri.

Tangu 2022, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilipoidhinisha mtaala wa usimbaji wa Kodris Africa, suala hili si la wataalamu wachache tena. Mtoto wa Malakisi akiambiwa 'hoja', atatafuta mjadala usiokuwepo. Akiambiwa kuwa taarifa za lazima ni mithili ya shamirisho, na zile za hiari zenye majina ni mithili ya chagizo, ataanzia pale alipofikia katika somo la Kiswahili. Istilahi njema humfikisha mwanafunzi kwenye dhana. Hii ya hoja inampoteza njia.