Kijani Kinachosomwa Gizani

Ukitoka sokoni Feri, Dar es Salaam, ukafuata barabara ya pwani na kuipita Ikulu, hukawii kufika Hospitali ya Ocean Road iliyojengwa na Wajerumani. Katika jiji hili, mwaka 1897 na 1898, daktari Robert Koch aliinamia darubini akisaka malaria ndani ya damu. Koch alikuwa na mdudu wa kumtafuta. Anayepima ugonjwa wa lupasi hana. Yeye husaka kingamwili ambazo mwili umezitengeneza dhidi ya viini vya seli zake wenyewe.

Kazi hiyo haitaki haraka. Majimaji ya damu huzimuliwa mara 80, kisha 160, kisha 320, na kila mara tone hudondoshwa juu ya seli zilizogandishwa kwenye kioo. Kioo huoshwa, hutiwa rangi inayong'ang'ania kingamwili, huoshwa tena. Ndipo taa huzimwa. Kiini kimeng'aa kijani chote, au vidoadoa? Mng'ao umefifia kwenye mzimuo upi?

Kipimo ninachokistahi kuliko vyote kilielezwa mwaka 1975. Hutumia Crithidia luciliae, kijidudu cha nzi kisichomdhuru binadamu, cha ukoo mmoja na vijidudu vya malale. Karibu na shina la mkia wake kuna fungu dogo la DNA. Damu ikiwa na kingamwili za DNA, fungu hilo huwaka. Kikiwaka kiini peke yake, hakihesabiwi. Vitu hivyo viwili viko jirani mno, na jicho lililozoea huvitenganisha kama dalali wa Feri anavyofunua shavu la samaki akajua amevuliwa lini.

Ustadi hauishii hapo. Kingamwili za kiini kwa ujumla wanazo karibu wagonjwa wote wa lupasi, hata baadhi ya watu wazima wa afya, na hazisemi mengi kuhusu hali ya leo. Za DNA ndizo hupanda na kushuka. Zikipanda huku protini za C3 na C4 zikipungua, daktari makini huzikumbuka figo. Hata hivyo wapo ambao kingamwili zao hukaa juu miezi mingi nao hawaumwi, kwa hiyo karatasi haitibiwi bila mgonjwa mwenyewe kutazamwa.

Nawe unayeishi na lupasi, tunza majibu yako yote ya zamani, pimia maabara ileile kila inapowezekana, na usiache kupima mkojo.