Ngome ya miti iliyodumu miaka 200

Ngome ya Hen Domen, karibu na mji wa Montgomery huko Wales, haikujengwa kwa mawe. Ulinzi wake wote ulikuwa wa udongo na miti, na kwa maoni yangu ndiyo inayotufundisha zaidi jinsi Wanormani kutoka Ufaransa walivyoishika Uingereza, nchi waliyoiteka mwaka 1066.

Roger de Montgomery, aliyepewa na Mfalme William, kiongozi wa Wanormani hao, eneo la mpakani la Shrewsbury, aliijenga kabla ya mwaka 1086 ili kuchunga kivuko cha mto Severn. Muda wa kuchonga mawe haukuwepo. Vibarua walichimba handaki la duara, udongo uliotoka wakaurundika katikati. Hapo ndipo penye werevu wa kazi yenyewe: kila kapu la udongo lilimwongezea adui kina cha kushuka na urefu wa kupanda. Juu ya kilima ukasimama mnara wa mbao. Chini yake palikuwa na ua uliozungushiwa tuta na boma la magogo, na daraja likaunganisha ua na kilima.

Miti huoza. Kwa hiyo mwanaakiolojia Philip Barker alipoanza kuchimbua hapo mwaka 1960, alichotafuta ni alama tu. Badala ya kukata mitaro myembamba, kikundi chake kilifunua eneo pana na kulikwangua kwa mwiko, tabaka baada ya tabaka. Nguzo iliyooza huacha doa kwenye udongo. Lakini baadhi ya nyumba zilikaa juu ya boriti zilizolazwa chini, bila shimo hata moja. Hizo zilisomwa kwenye kokoto: zilipokoma kwa mstari ulionyooka, hapo palipita ukuta. Kwa zaidi ya miaka 30 walifunua majengo yaliyosongamana, yakibomolewa na kujengwa upya kizazi hadi kizazi. Chini kabisa wakakuta matuta ya shamba lililolimwa kabla Wanormani hawajafika, yamehifadhiwa na udongo uleule ulioyafukia.

Mwaka 1223 Mfalme Henry III alianza kujenga ngome ya mawe hapo Montgomery, nayo Hen Domen ikabaki kituo cha walinzi hadi karibu mwaka 1300. Leo kilima na mahandaki bado vipo, vimeota miti. Sehemu ya ua iliachwa bila kuguswa, na uamuzi huo nauafiki kabisa, kwa sababu alama ya kokoto ikishakwanguliwa hairudi, na vifaa vya kuisoma vinazidi kuwa bora.