Kabari Nyuma ya Msumeno

Kabla ya mashine, gogo lilipasuliwa na watu wawili: mmoja juu akifuata mstari, mwenzake chini akivuta msumeno huku vumbi likimwagikia usoni. Kila waliposogea mbele walipachika kabari kwenye ufa waliouacha nyuma. Kabari ile ndogo ndiyo ninayoitafuta kila niingiapo karakana Karagwe au Kyerwa.

Mti una nguvu iliyojifunga ndani. Mkaratusi hasa, ukipasuliwa mbichi, hupanuka ghafla au hubana. Mgrivea uliokatwa kwenye shamba la migomba na kahawa nao, usipokaushwa, unaweza kuushika msumeno. Kwenye meza ya msumeno wa duara, meno ya mbele hushuka na kuukandamiza ubao. Ya nyuma hupanda. Ubao ukibana huko nyuma, meno hayo huunyanyua na kumrushia fundi.

Miaka ya 1920, Raymond DeWalt wa Marekani aliuning'iniza msumeno juu ya meza, kwenye mkono wa chuma. Kwa kukatisha mbao, chombo hicho ni kizuri sana. Kwa kupasua, msumeno hugeuzwa ukae sambamba na ubao wa kuongozea, kisha hukazwa usisogee. Hapo meno ya upande wa kuingizia hupanda, kwa hiyo mbao inataka kunyanyuka tangu mwanzo. Ndiyo maana kinga hushushwa upande huo hadi ikaribie kugusa mbao, na upande wa kutokea huwekwa kisu cha kuuacha ufa wazi pamoja na kucha za kuzuia mbao isirudi. Mbao iingie ikikabili mzunguko wa meno. Ikiingizwa kwa upande wa kutokea, meno huinyakua, na mkono unaosukuma hufuata. Sioni kosa baya kuliko hilo.

Meza za msumeno zilizochomelewa, zenye mota na mkanda, mara nyingi hazina kisu hicho cha nyuma, ambacho ndicho kabari ya leo. Dawa yake ni bamba la chuma, nene kidogo kuliko msumeno wenyewe lakini jembamba kuliko njia ya meno, lifungwe kwa bolti nyuma ya meno, umbali wa milimita 3 hadi 8.

Fundi, simama pembeni ya mstari wa mbao, kipande cha mwisho kisukume kwa kijiti, na bamba hilo mwombe mchomeleaji akufungie kabla hujapasua ubao mwingine.