Nyimbo Yangu au Wimbo Wangu? Muziki Mpya Masikioni mwa Wanafunzi Wetu

Malalamiko dhidi ya Bongo Fleva hayakosekani katika vikao vya walimu wa Kiswahili hapa Bujumbura. Husemwa kwamba wanafunzi wanaharibiwa na nyimbo za Dar es Salaam: wanaandika “nyimbo yangu” badala ya “wimbo wangu”, wanaandika “napendaga”, na wakisahihishwa hujibu kuwa ndivyo wasanii wanavyosema. Malalamiko haya yana msingi. Hata hivyo, kwa maoni yetu, yanamwacha mshtakiwa mmoja nje ya mahakama.

Mshtakiwa huyo ni Kirundi. Katika Kirundi, “indirimbo” ni umoja na ni wingi vilevile: wimbo mmoja ni “indirimbo yanje”, nyingi ni “indirimbo zanje”. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anapomsikia msanii akisema “nyimbo yangu”, sikio lake halishtuki hata kidogo, kwani amekutana na sarufi ya nyumbani kwao. Ndivyo ilivyo pia kwa “-ga”. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha Tanzania, kiambishi hiki hudokeza mazoea, na aghalabu huhusishwa na lugha za bara kama Kisukuma. Kirundi nacho kina “nakoraga”, ila chenyewe huelekea wakati uliopita. Ndiyo maana baadhi ya wanafunzi hutumia “napendaga” wakiwa na maana ya “nilikuwa nikipenda”, matumizi ambayo hata huyo msanii wa Dar es Salaam angeyashangaa! Mwalimu anayelaumu redio peke yake hawezi kulieleza kosa hili.

Tatizo kubwa zaidi tunaliona kwingine, katika namna muziki mpya unavyowafikia vijana. Zamani kaseti ilikuwa na jalada, na mtangazaji wa redio alimtaja mwimbaji kabla ya wimbo. Siku hizi wimbo huruka kutoka simu hadi simu, au YouTube humchagulia msikilizaji kwa kuangalia alichosikiliza jana. Tukiuliza darasani nani kaimba, jibu hupatikana. Tukiuliza nani katunga maneno, kimya. Tunafundisha fasihi kwa kuanza na mwandishi na mwaka wa chapa, ilhali matini ambazo wanafunzi wanazijua kwa moyo hazina mwandishi wala mwaka.

Kwa sababu hiyo tulijaribu kuwapa wanafunzi wa mwaka wa pili wimbo ambao simu zao hazikuwa zimewaletea: “Sina Mali, Sina Deni” wa Khadja Nin, uliomo katika albamu ya Sambolera ya mwaka 1996. Wengi waliupokea kama wimbo mpya kabisa, na kwao ulikuwa mpya kweli. Khadja Nin alizaliwa Burundi mwaka 1959, akahamia Ubelgiji, na huko ndiko alikojulikana kwa kuimba Kiswahili. Wimbo huu umetokana na “Free” wa Stevie Wonder wa mwaka 1987. Tazama basi kazi ya tafsiri iliyofanyika katika anwani peke yake. Mtafsiri mvivu angeandika “Huru” na kwenda zake. Hapa uhuru haukutajwa. Umeelezwa kwa hali ya mtu asiyekuwa na kitu na asiyedaiwa na yeyote. Hesabu na mizani: si-na-ma-li, si-na-de-ni, nane kamili, yaani kipande kizima cha shairi la kimapokeo. Kwa somo la tafsiri hatujapata mfano unaotufaa kuliko huu.

Lilijitokeza jambo jingine tusilolitarajia. Wanafunzi waliokulia Buyenzi na Bwiza, ambao kwa kawaida hukaa kimya kwa kuogopa kuchekwa kwamba Kiswahili chao ni cha mtaani, ndio walioufafanua wimbo. Tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimezidi kuheshimika ofisini na shuleni. Kiswahili cha mitaa hiyo, kilichokuwapo miaka mingi kabla ya Jumuiya, bado hakijapewa heshima yake.

Tuliwapa pia “Haturudi Nyuma” wa Kidum, Mrundi aliyejijengea jina Nairobi, akiimba na Juliana Kanyomozi wa Uganda. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini isiwe “hatutarudi”. Swali zuri! Kikanushi cha wakati uliopo hapa kinabeba azma, kana kwamba uamuzi umekwisha kupita na hauna mjadala. Vitabu vyetu vya sarufi huipitia maana hii kwa haraka mno.

Kwenye insha bado tunaipigia “nyimbo yangu” mstari mwekundu. Siku hizi, pembeni ya mstari huo, tunaandika pia neno “indirimbo”, na mwanafunzi huja ofisini kuuliza kwa nini.