Saa za Maua

Watu wengi wanaopanda maua hupanga rangi: nyekundu langoni, njano kando ya baraza, nyeupe palipo na kivuli. Ufundi ninaoupenda mimi hupanga saa. Anayeotesha mimea ya asili ili kuwaita nyuki, vipepeo, chozi na nondo hujiuliza swali lile lile tangu alfajiri hadi giza, tangu masika hadi mwisho wa kiangazi: saa hizi ua gani limefunguka, na nani analitegemea?

Alfajiri ni zamu ya kunde. Ua lake la zambarau hafifu hufunguka kukipambazuka, na kabla ya adhuhuri limeshanyauka. Ukilala sana hutaliwahi. Duduvule huliwahi. Yule mdudu mweusi, mnene, anayetoboa boriti na kuwaudhi wenye nyumba, hufika umande haujakauka. Hutua juu ya ua lisiloweza uzito wake, likainama, likafunguka zaidi, naye akafyonza mbochi. Kunde hujichavusha yenyewe, kwa hiyo haimhitaji sana mgeni huyu. Mgeni ndiye anayeihitaji kunde, na hapo ndipo ufundi unapoanza, kwa sababu hatua mbili kutoka hapo nimepanda ngogwe.

Ua la ngogwe, sawa na la nyanya na la bilinganya, halina mbochi hata tone. Lina chavua tu, tena imefungiwa ndani ya vifuko vyembamba vya njano vyenye tundu dogo nchani. Nyuki wa asali hana namna ya kuitikisa itoke. Duduvule anayo. Hulikumbatia ua, hutuliza mbawa, kisha hutetemesha misuli ya kifua chake. Sogeza sikio: mvumo wa kuruka unakatika, unafuata mlio mwingine, mwembamba, mkali, mfupi, na chavua inammwagikia tumboni kama unga. Hicho ni chakula cha watoto wake. Nguvu za kuruka na kutetema ameshazinywa kwenye kunde. Mwenye ngogwe bila kunde, au bila kichaka chochote chenye mbochi karibu, anamwita kibarua asiyempa chakula cha mchana.

Jambo hili limechunguzwa. Barbara Gemmill-Herren na Alfred Ochieng walifuatilia mashamba ya bilinganya huko Nguruman, kaunti ya Kajiado nchini Kenya, na mwaka 2008 walichapisha walichokiona: bilinganya zinategemea nyuki wa porini, na nyuki hao wanategemea mimea ya porini inayozunguka mashamba. Ukifyeka pori lote ili uongeze tuta, unapunguza mavuno ya matuta uliyokuwa nayo.

Sisi wa Tanga tunalo ua lililosafiri dunia nzima bila mdudu wake. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala huku, alilipeleka kwao kutoka maeneo ya Usambara, na wataalamu wakaliita Saintpaulia kwa jina la ukoo wake. Leo linakaa ndani ya vyungu madirishani kote Ulaya na Marekani, likizalishwa kwa kupandikiza majani. Ndugu yake anayeota milima ya Taita alitazamwa kwa makini na Dino Martins, mtaalamu wa wadudu wa Kenya: nyuki wa jamii ya Amegilla huja wakaitikisa chavua yake kwa mtetemo, vilevile kama duduvule kwenye ngogwe. Naumia ninapoona bustani za mji wenyewe wa Tanga zimejaa ukoka uliokatwa chini kabisa, miashoki kwenye mstari na bogenvilia juu ya ukuta. Ni safi, lakini ukikaa hapo asubuhi nzima husikii mvumo.

Ua lisilo na mdudu wake humgeuza binadamu kuwa mdudu. Ulizeni wakulima wa vanila Kagera. Mmea huo ulitoka Mexico, wachavushaji wake wakabaki huko, na kila ua hufunguka asubuhi moja tu. Kwa hiyo kila asubuhi ya msimu mtu hupita shina kwa shina na kijiti mkononi, akichavusha ua moja baada ya jingine, kwa mbinu aliyoibuni Edmond Albius, mtoto mtumwa wa kisiwa cha Réunion, mwaka 1841.

Jua likishakuwa kali, kivumbasi hushika zamu. Tunakijua kwa kufukuza mbu. Ni wachache wanaoinama kutazama vijiua vyake, ambavyo nyuki wadogo wasiouma huvifuata mchana kutwa. Hao hukaa kwenye nyufa za kuta na mashina yenye uwazi, na mlangoni huchomoza kijibomba cha nta. Usizibe ufa huo kwa saruji. Acha pia kipande cha ardhi bila kukisakafia, maana nyuki wengi huishi peke yao na huchimba udongo, na acha gogo kavu pembeni ili duduvule aache boriti zako.

Saa kumi na mbili jioni nondo wanaingia, wakubwa, wenye ulimi mrefu, wakielea hewani mbele ya mpapai. Hapa wengi wetu tunaharibu. Mpapai dume hauzai, basi tunaukata. Kumbe ua la mpapai jike halina mbochi. Humlaghai nondo kwa kufanana na la dume, naye huingia, huacha chavua aliyoibeba, hutoka mtupu. Dume ndilo linalomlisha na kumrudisha kila jioni. (Aina zenye ua la jinsia mbili zina habari nyingine.) Martins na Steven Johnson waliwachunguza nondo hawa mashambani nchini Kenya na kuona kwamba wanategemea pori lililo karibu. Na kiwavi wa mmoja wao, yule mnene mwenye pembe mkiani, ndiye anayekula matembele. Mpe tuta moja ale. Ukimpulizia dawa leo, unajinyima mapapai ya kesho.

Mtihani mkubwa ni kiangazi. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na majani yote yakiwa na vumbi, shubiri zangu hunyanyua mikungu yake ya rangi ya chungwa, na chozi hushika bua kwa kucha, akazamisha mdomo uliopinda katika kila mrija, kutoka chini kwenda juu. Baada ya hapo mvua ya kwanza huamsha marejea, na kunde zinarudi.

Kwangu bado kuna pengo, mwezi wa tisa, kabla ya vuli. Marejea yameshakauka, shubiri hazijaanza, na duka la pembejeo halina msaada, kwani linauza alizeti na pilipili hoho, si mbegu za vichaka vyetu. Vuli ijayo naotesha mjafari, ambao majani yake hulisha viwavi wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayetaga kwenye milimau, lakini hautaziba pengo hilo. Mwenye kujua kichaka cha pwani kinachochanua wakati huo, na mahali mbegu zake zinapookotwa, nitamfuata aliko.