Ukali wa Picha Hauko Kwenye Nyundo



Hapa Uingereza ukimwambia mtu kwamba wewe ni mpenzi wa sinema za Mashariki ya Mbali, hachelewi kukuuliza: "Oldboy umeiona? Na Audition je?" Ukisema ndiyo, basi mmeshakuwa ndugu. Ushabiki huu una asili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Tartan iliuza dividii za Japani, Korea na Hong Kong chini ya nembo moja, Asia Extreme. Kampuni yenyewe ilianguka mwaka 2008, lakini nembo ilikuwa imeshaingia vichwani. Watu wa nchi mbali mbali na lugha mbali mbali wakatiwa kapu moja, na kapu likaitwa ukali.

Mie sina ugomvi na ukali. Wengi katika sie tuliokulia pwani tulianza na Bruce Lee, na kusema "picha kali" kwetu ni sifa, si lawama. Na Oldboy ya Park Chan-wook (2003) ni kali kweli. Mtu anafungiwa chumbani miaka 15 bila kuambiwa kosa lake. Akishatoka anapambana na genge zima katika ujia mwembamba, nyundo mkononi, na kamera inawafuata kwa ubavuni bila kukata. Mwaka 2004 ilipata Grand Prix ya Cannes, Quentin Tarantino akiwa mwenyekiti wa waamuzi, na ilistahiki. Lakini hebu itazameni tena. Kilichomponza yule bwana ni ulimi wake: neno alilolitoa ovyo alipokuwa kijana wa shule, akalisahau siku ile ile. Washabiki wanahadithia nyundo, ulimi hawautaji.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Ukali wa sinema hizi, ule unaobaki na mtu miaka, uko mahali ambapo hakuna anayempiga mwenziwe. Ushahidi wangu ni picha ambayo wengi wa washabiki hao hawana habari nayo: A Time to Live, a Time to Die ya Hou Hsiao-hsien wa Taiwan, ya mwaka 1985.

Hou alizaliwa mwaka 1947 katika jimbo la Guangdong, China bara, na mwaka uliofuata wazazi wake wakahamia Taiwan. Walidhani ni safari ya muda. Mwaka 1949 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikamalizika kwa ushindi wa wakomunisti, njia ya kurudi ikafungwa. Picha inasimulia utoto wake katika mji mdogo wa kusini, na sauti ya msimulizi ni yake mwenyewe. Kisa ni vifo vitatu: baba, kisha mama, kisha bibi. Basi.

Bibi ndiye roho ya picha. Kila mara anafunga kifurushi chake na kutoka kwenda bara, kwao, kama kwamba bara iko mtaa wa pili. Anaulizia daraja analolikumbuka, na huku kati yake na daraja hilo kuna bahari. Anapotea, na wenye baiskeli za abiria wanamrudisha nyumbani. Siku moja anamchukua mjukuu wake wafuatane. Wanasimama kibandani kwa mtu anayeuza barafu, bibi anauliza njia. Muuzaji hafahamu hata neno moja, kwa sababu bibi anasema Kihakka na wenyeji wana lugha yao. Hakuna anayegombana. Wanatazamana tu. Wakirudi wanaokota mapera njiani, na bibi anayarusha hewani na kuyadaka kama mtoto.

Nani katika sie tunaoishi nje hajamjua bibi huyu? Yule mzee anayekwambia kila mwaka kwamba mwakani anarudi, na sanduku lipo tayari chini ya kitanda? Na baba wa picha hii ni mwenziwe, ila yeye hasemi. Baada ya kufa kwake ndipo tunapoambiwa kwa nini nyumba nzima ilikuwa na samani za mianzi, rahisi rahisi. Alinunua vitu ambavyo siku ya kuondoka hatavionea uchungu kuviacha. Ile familia miaka yote imekaa juu ya viti vya wapita njia. Nitajieni pigo la nyundo linalouma kuliko hilo.

Hou anayafanya haya kwa kujizuia. Kamera yake haitembei sana, na haimkimbilii mtu anayelia ili tuyaone machozi. Inakaa mbali, nyuma ya mlango au dirisha, kama jirani mwenye adabu. Kwa hiyo mwishoni, bibi anapokata roho juu ya mkeka na vijana wa nyumba wasitambue mpaka wanapoona sisimizi wakitembea mkononi mwake, hatuambiwi tuhisi nini. Mtu aliyekuja kushughulikia maiti anawatazama wale vijana kwa jicho la kuwalaumu, na jicho lile linatufikia na sisi tuliokaa mbele ya skrini.

Sisemi kwamba haina kasoro. Ile sehemu ya kati, ya vijana na magenge yao ya mtaani, inarefuka kupita haja. Na dada mkubwa, aliyefaulu akakosa kusoma kwa sababu ya hali ya nyumbani, alistahiki nafasi zaidi ya ile aliyopewa. Tena haimhurumii mwenye pupa: inakwenda zaidi ya saa mbili. Lakini mtu akiniambia "hakuna kinachotokea", nitamjibu kwamba kila kitu kimetokea, ila hakuna aliyepiga kelele.

Oktoba 2023 familia ya Hou ilitangaza kwamba amestaafu kutokana na maradhi ya Alzheimer, hata ile picha aliyokuwa akiitayarisha hataimaliza. Kwa hiyo hizi alizotuachia ndizo hizo. Na nyingi ya zile za zamani zimeshasafishwa, zinapatikana kwa sura nzuri kuliko zilivyopata kuonekana katika dividii za wakati ule.

Basi Oldboy tuendelee kuisifu, nami nimo. Ila neno "kali" ni letu, tena lina maana pana. Tusiwaachie wauza dividii watupangie ni picha gani ya kulitumilia.