Rangi Isiyoshika

Aghalabu mshairi wetu wa pwani anapotaka rangi huiokota tu. Penzi jekundu, huzuni nyeusi, bahari samawati. Vina hukaa, mizani hutimia, na msomaji hupita bila ya kuguswa. Kasoro si rangi. Kasoro ni kuitumia kana kwamba haikutoka popote.

Lugha yenyewe inatukumbusha ilikotoka. Manjano ni mzizi wa kuchimbwa kabla ya kuwa sifa. Zambarau ni tunda. Kahawia imezaliwa na kahawa. Nili hukamuliwa katika majani.

Chemsha manjano, utie kitambaa: kitang'ara siku hiyo hiyo. Kianike juani, nacho kitapauka upesi. Ukitia shabu rangi itashika zaidi, lakini jua halitashindwa. Basi mshairi anayelisifu penzi kwa manjano, akidhani amesifu udumifu, kwa hakika amekwisha kuandika talaka.

Nili ina tabia nyingine. Majani ya mnili hurowekwa hata yakachacha, kisha maji hupigwapigwa yaingie hewa, na nili ikatuama chini. Nili hiyo haiyeyuki katika maji matupu. Sharti ichachuliwe tena ndipo ikubali nguo. Nguo ikitolewa chunguni huwa ya kijani-manjano, na buluu huja mbele ya macho yako kwa kuguswa na hewa. Haihitaji shabu. Ukitaka ikolee, chovya tena, na tena. Hapo pana shairi zima la subira, nami sijalisoma bado.

Wako watakaosema kuwa ujuzi huo umepitwa. Ni kweli kwamba mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani, na kilimo cha nili cha India kikaporomoka. Ni kweli pia kwamba ukili wa mikeka yetu siku hizi hutiwa rangi ya unga ya dukani. Lakini mhina ungali uani, na kila somo anayempamba bibi harusi anajua kuwa hina haitaki haraka. Mshairi na aende akamuulize.

Nami nimo katika lawama hii. Niliwahi kutunga beti nyingi za buluu, nikasifiwa, ilhali sikujua kuwa buluu huanza kijani. Nikizisoma leo, naona zimepauka.